Kalemyo, Oktoba 1944: mabomu tele, na handaki halikutikisika

Hali yenyewe ni hii. Mchezo ni War in the Pacific: Admiral's Edition, uliotoka 2009, ambamo zamu moja ni siku moja na heksi moja (kiumbo cha pembe sita kwenye ramani) ni maili 40 za baharini. Tuko upande wa Washirika, mbele ya Burma, Oktoba 1944. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye brigedi za 21, 25 na 26, imeshuka Bonde la Kabaw kutoka mji wa Tamu na kuingia heksi ya Kalemyo. Humo Mjapani amejichimbia: mabaki ya Divisheni ya 33, ngome kiwango cha 3, msitu na vilima kila upande. Mchezaji amempiga kwa mabomu siku kumi mfululizo. Siku ya kumi na moja ameamuru shambulio, nalo limevunjika.

Kisa hiki tumekipanga wenyewe ili makosa yote yaonekane mahali pamoja. Hesabu za vikosi ni zetu. Kanuni ni za mchezo. Mahali hatukupachagua kwa bahati. Divisheni hiyo ndiyo Keya wenyewe (King's African Rifles), askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, na ndiyo iliyoteremka bonde hilo hilo wakati wa masika ya Burma mwaka 1944, malaria na tope vikiwaandama, ikaingia Kalewa, mji ulio ukingoni mwa Mto Chindwin, mwanzoni mwa Desemba. Mchezaji anayeongea Kiswahili akifika kona hii ya ramani huwa anataka kuwatendea haki. Basi tuwatendee.

Tuangalie alichokuwa nacho. Imphal, upande wa India, kwenye uwanja wa ndege wa kiwango cha 4, alirundika kila kitu: ndege za kivita Hurricane IIC 32, za mabomu za kupiga mbizi Vengeance 32, na za mabomu B-25 48 na Liberator 24. (Kihistoria Vengeance zilikuwa zimeshaondolewa mstari wa mbele kufikia katikati ya 1944, lakini ndani ya mchezo hakuna anayekulazimisha.) Vikosi vyote alivipa kazi ya kushambulia ardhini, kimo futi 6,000, na upande wa shabaha akaacha chaguo la kumwachia kamanda. Hakutuma ndege hata moja ya upelelezi.

Nguvu ya kushambulia ya brigedi tatu ilikuwa 420, ya Mjapani 170. Kwa macho hiyo ni zaidi ya 2 kwa 1, na 2 kwa 1 ndiyo namba inayotakiwa ili adui afukuzwe kwenye heksi. Kuanzia 1 kwa 1 unapata tu kushusha ngome. Lakini namba hizo ni kabla ya marekebisho. Ardhi ya msitu na vilima humzidishia mlinzi mara mbili au hata tatu kutegemea heksi yenyewe, kisha ngome huongeza juu yake. Kwa hiyo 170 ile inapanda mpaka 400 au 500 kabla hata bunduki haijalia. Nguvu ya mshambuliaji nayo inapunguzwa na uchovu na njaa. Uwiano ukatoka chini ya 1 kwa 1, ngome haikushuka hata kiwango kimoja, na brigedi zikabaki na vikundi vingi (vipande vidogo vya askari) vilivyolemaa.

Mchezaji wa namna hii kwa kawaida hulaumu mabomu kwamba ni dhaifu. Si kweli. Mabomu yalifanya kazi yake, ila kazi yake si ile aliyodhani.

Ripoti ya shambulio la anga dhidi ya kikosi cha nchi kavu hutoa mistari ya vikundi vilivyoangamizwa na vilivyolemazwa, mizinga iliyopotea, na magari. Dhidi ya askari waliojichimbia msituni utaona sifuri kwenye kuangamizwa na viwili vitatu kwenye kulemazwa, siku baada ya siku, na hata hizo si za kuaminika sana kwa sababu mchezo huzitia ukungu wa vita, yaani hukuficha hesabu kamili. Anayesubiri mlinzi auawe kwa ndege atasubiri mpaka 1946. Kitu ambacho ripoti hiyo haikionyeshi ndicho chenye thamani: kila bomu linaloangukia karibu hupandisha mvurugiko wa kikosi (mpangilio wake kuvunjika) na uchovu wake. Hivyo viwili unavikuta baadaye, kwenye ripoti ya mapigano ya ardhini, pale mchezo unapoorodhesha sababu zilizomsaidia na zilizomwangusha mlinzi. Ardhi na ngome zitaandikwa na alama ya kujumlisha. Mvurugiko, uchovu na ugavi vikiandikwa na alama ya kutoa upande wake, ujue ndege zako zimelipa. Visipoandikwa, ulikuwa unapoteza petroli.

Hapo ndipo siku kumi zilipomponza. Mvurugiko hauwekwi akiba. Kikosi chenye ugavi na mapumziko huurudisha chini haraka, na vikundi vilivyolemaa hupona kimoja kimoja. Mabomu ya siku ya kwanza yalikuwa yamesahaulika kufikia siku ya nne. Marubani wake, kinyume chake, walikuwa wanajumlisha uchovu kila siku: ari ilishuka, ndege zikaongezeka kwenye karakana, ajali zikaanza kula zaidi kuliko mizinga ya Mjapani. Siku ya shambulio lenyewe, kati ya ndege 136, zilizoruka kwenda Kalemyo ni 30 tu. Zilizobaki ama zilikuwa chini zinatengenezwa, ama mawingu yaliwarudisha, ama kamanda wao, kwa kuwa aliachiwa uamuzi, alikwenda kupiga kikosi kingine cha Mjapani heksi tatu kusini.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kurekebisha ni saa. Ndani ya zamu moja, awamu za anga za asubuhi na alasiri hutangulia mapigano ya ardhini. Mabomu ya leo asubuhi yanahesabika kwenye shambulio la leo. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo katika sehemu hii ya mchezo, na wengi huitupa. Panga nguvu yote iangukie siku mbili kabla ya shambulio na siku ya shambulio yenyewe. Siku tatu, basi. Kabla ya hapo vikosi vikae kwenye mafunzo au mapumziko mpaka uchovu wa marubani ushuke kwenye tarakimu moja na ari irudi juu.

Jambo la pili ndilo zito zaidi, na tunaomba lisomwe polepole, kwa sababu ndilo lililomshinda Mwingereza mwenyewe kwa miaka miwili ya vita vile: ugavi wa Imphal.

Kila ndege ya mabomu inayoruka kwa shambulio hula ugavi wa kituo ilipolala. Liberator hula kuliko Hurricane. Imphal haina bandari, haina reli. Ugavi wake unapanda mlima kutoka kituo cha reli cha Dimapur au unabebwa na Dakota, ndege za mizigo. Na brigedi zilizo Kalemyo zinakula kutoka mkondo huo huo. Mchezaji wetu aliweka ndege 136 mdomoni mwa chupa. Kwa siku kumi zilikunywa kile ambacho kingeteremka bondeni kwa askari. Ukifungua ripoti yake ya shambulio, upande wa mshambuliaji kuna alama ya kutoa kwenye ugavi. Yaani ndege zake ziliwalaza njaa askari wake kwa ufanisi mkubwa kuliko zilivyomtikisa Mjapani.

Dawa ni kuhamisha ndege kwenda mahali ambapo ugavi hufika wenyewe. Chittagong ni bandari. Kwa umbali halisi iko kama maili 130 za baharini kutoka Kalemyo. Kwenye ramani hesabu mwenyewe, ni heksi tatu au nne, nayo iko ndani ya masafa ya kawaida ya B-25 na Vengeance. Calcutta ina bandari, reli na viwanja vikubwa, na kutoka huko Liberator hufika bila shida. Imphal, iliyo kama maili 95 hivi kaskazini ya shabaha, abaki nayo Hurricane peke yake pamoja na ndege za upelelezi, maana miguu yao ni mifupi. Dakota nazo zisiguswe kwa kazi nyingine. Ziendelee kubeba ugavi kila siku bila kukatiza, hasa siku zile za mapumziko ya ndege za mabomu. Siku mbili kabla ya shambulio fungua skrini ya kila brigedi. Ugavi ulio mkononi ukiwa chini ya ule unaohitajika, ahirisha. Mjapani hatakimbia kwa kuwa umeahirisha siku tatu.

Neno "masafa ya kawaida" lisipite hivi hivi. Kila ndege ina masafa ya kawaida na masafa ya kunyooshwa, na ikivuka la kwanza hupunguza mzigo wa mabomu. Adhabu kama hiyo huja pia kwa njia ambayo wengi hawaioni: uwanja mdogo. Ndege za mabomu za kuruka sawia huhitaji uwanja wenye kiwango cha 4, ukijumlisha mzigo wake wa mabomu kwa ratili ukigawanywa kwa 6,500, desimali zikiachwa. B-25 inatosheka na 4. Liberator yenye mzigo wa ratili 8,000 inataka 5. Zile 24 zilizokuwa Imphal kwenye kiwango cha 4 zilikuwa zinabeba mzigo mdogo, na ajali juu, siku zote kumi, bila mchezo kutoa onyo lolote lenye rangi nyekundu. Hilo nalo linatibiwa na Calcutta. Ukiwa pale angalia mafundi: kila ndege inahitaji kitengo kimoja cha mafundi wa ndege, hadi 250, na kukiwa na makao makuu ya anga kituoni, uwanja unaweza kuhudumia vikosi vingi zaidi bila kubanana.

Sasa kimo. Futi 6,000 kwa kila ndege ni uvivu, na kwa Vengeance ni kuipoteza kabisa. Ndege ya kupiga mbizi hupiga mbizi ikipangiwa kati ya futi 10,000 na 15,000. Ukiishusha chini ya hapo inaacha mabomu kama ndege nyingine yoyote, na ile shabaha kali iliyoijengea jina haipo tena. Ipe 12,000. B-25 zibaki 6,000 au zipande kidogo mpaka 8,000 kama Mjapani ana mizinga ya kutungulia ndege. Divisheni ya kawaida ya Mjapani huwa na michache, lakini kituo chenye uwanja huweza kuwa na kikosi maalumu cha mizinga hiyo, na upelelezi ndio utakaokuambia. Liberator usizishushe chini ya 6,000. Injini nne hazikutengenezwa kwa kukwepa miti, na wafanyakazi wake hupoteza ari upesi wakilazimishwa.

Hurricane ni suala jingine. Zinaweza kushuka hadi futi 100 na kumimina risasi, na mizinga yake minne ya milimita 20 hufanya fujo halisi kwa askari walio wazi. Tatizo ni marubani. Ustadi wa kupiga mabomu ardhini, ustadi wa kupiga chini chini na ustadi wa kumimina risasi ni namba tatu tofauti kwenye ukurasa wa rubani, na rubani wa ndege ya kivita aliyefunzwa mapambano ya angani anaweza kuwa na 70 huko na 25 hapa. Mchezaji wetu hakufungua ukurasa huo hata mara moja. Kikosi kinachokwenda chini kifunzwe kazi ya chini wiki kadhaa kabla, lengo likiwa 60 kwenda juu, bora 70. Kama muda haupo, heri Hurricane zipewe ulinzi wa masafa marefu juu ya heksi ya Kalemyo ziwakinge Dakota, kuliko kupeleka marubani futi 100 wasikojua la kufanya. Oktoba 1944 Mjapani ana ndege chache Burma, ila ndege zake za kivita Ki-43 kumi zikizikuta Dakota bila mlinzi, siku hiyo brigedi haili.

Halafu kuna kuona. Kila kikosi cha adui kina kiwango cha kugunduliwa, kinachopanda hadi 10, na mabomu hufuata namba hiyo. Kuwa na askari wako heksi moja na adui kunasaidia, lakini hakutoshi msituni. Kikosi kimoja cha upelelezi chenye marubani wenye ustadi, kikiruka Kalemyo kila siku kuanzia siku tano kabla, kitakupandishia kiwango hicho na kukutajia vikosi vilivyopo kwa majina. Kuanza upelelezi asubuhi ya shambulio ni kuchelewa. Na shabaha iandikwe kwa mkono, Kalemyo, kikosi kwa kikosi, kila unapobadilisha kazi. Kubadilisha kazi bila kukagua shabaha ndilo kosa dogo linaloharibu mipango mikubwa.

Kuna njia ya pili ya kumgusa mlinzi ambayo mchezaji wetu hakuifikiria: tumbo lake. Barabara na reli hazipigwi ndani ya mchezo huu. Katika vita vyenyewe Liberator zilivunja madaraja ya reli ya Burma. Hapa ugavi huhesabiwa kwa njia na kwa nani anamiliki heksi, na ndege haiwezi kukata njia hiyo. Tunaliona hilo ni pengo kubwa la mchezo, hasa kwa mbele kama Burma ambako madaraja yalikuwa nusu ya vita. Lakini kituo chenye uwanja kina mlango wa nyuma. Kazi ya kushambulia uwanja wa ndege, tofauti na ile ya kushambulia ardhini, hutoa kwenye ripoti mistari ya uwanja kupigwa, njia za kurukia kupigwa, na ugavi wa kituo kupigwa. Huo wa tatu ndio tunaoutaka. Liberator kwa siku tatu juu ya uwanja wa Kalemyo, zikiunguza ugavi ambao Mjapani ameutoa mbali kwa shida, hufanya kikosi chake kisiweze kupona haraka pale mvurugiko utakapoanza.

Kwa hiyo ratiba iliyorekebishwa inakaa hivi. Siku ya kwanza hadi ya tatu: upelelezi kila siku, Liberator kutoka Calcutta zinapiga uwanja, Dakota zinajaza brigedi, askari wanapumzika bila hata kupiga mizinga, kwa maana mizinga nayo inakula ugavi na Mjapani hujibu. Siku ya nne Liberator zinalala. Ndege nyingine za kushambulia hazijaruka bado. Siku ya tano, ya sita na ya saba kila kitu kinaelekea Kalemyo kwa kazi ya kushambulia ardhini: B-25 kutoka Chittagong, Vengeance kwa futi 12,000, Liberator, Hurricane waliofunzwa. Siku ya saba brigedi zinaamriwa shambulio la mpango, la kishindo lisiguswe. Shambulio la kishindo huongeza nguvu kwa siku moja na kukuachia askari waliovurugika kuliko adui. Dhidi ya ngome kiwango cha 3 msituni ni kamari mbaya. Ongeza wahandisi wa mapigano kwenye heksi, maana wao ndio wanaoshusha ngome wakati wa shambulio la mpango.

Usitarajie Kalemyo ianguke siku ya saba. Matokeo mazuri ya siku hiyo ni uwiano wa 1 kwa 1 na kitu, ngome kushuka toka 3 hadi 2, na alama ya kutoa upande wa Mjapani kwenye mvurugiko na ugavi. Siku ya nane ndege zipige tena kwa zile zilizo tayari, brigedi zipumzike. Hapa faida ya siku za mapumziko inaonekana: bado una vikosi vibichi wakati yeye hana. Rudia shambulio siku ya tisa au ya kumi. Mawingu yakifunga siku uliyoipangia, sogeza shambulio la ardhini pia. Usiache brigedi ziende peke yake kwa kuwa tarehe imefika. Oktoba masika yanaisha, ila dhoruba bado zipo, na utabiri wa kanda unaonekana kabla hujamaliza zamu.

Malaria tusiisahau. Bonde hili ni eneo la malaria ndani ya mchezo kama lilivyokuwa kweli, na brigedi zinazosubiri msituni hupoteza vikundi kwa homa bila risasi kupigwa. Ndiyo maana hatupendekezi maandalizi ya wiki tatu hata kama ndege zingependa. Siku kumi hadi kumi na mbili ni kipimo cha haki kati ya uchovu wa marubani na homa ya askari.

Mjapani akitoka Kalemyo, ndege zako zinaingia kwenye saa zake bora. Kikosi kilichofukuzwa hakina ngome, kimevurugika, na kiko kwenye mwendo. Kikosi kilicho katika hali ya kutembea huumia kwa mabomu kuliko kilichokaa kupigana. Hapo ndipo utaona kwa mara ya kwanza mistari ya kuangamizwa ikiacha sifuri. Hamisha shabaha siku hiyo hiyo, na Hurricane ndiyo wakati wake wa kushuka futi 100.

Uwanja wa Kalemyo sasa ni wako, pamoja na mashimo uliyoyachimba mwenyewe. Ndiyo sababu mashambulizi ya uwanja tuliyasimamisha siku ya tatu: wahandisi wanahitaji siku chache, si wiki, ili Dakota zitue. Mbele yako ni Mto Chindwin. Brigedi inayovuka upande wa heksi wenye mto kuingia kwa adui hulazimishwa kufanya shambulio la kishindo siku inapofika, utake usitake. Soma maili zilizobaki kwenye skrini ya mwendo, kadiria siku ya kufika, na vikosi vya B-25 viwe vimeshapumzika na vimeandikiwa ng'ambo ya pili kuanzia siku moja kabla.